Baba, binti na chupa ya maji iliyofika Fufu ikiwa imejaa

Likizo ya Juni ikikaribia, watoto wengi wa Dodoma huanza kuuliza swali lilelile: "Safari hii tunakwenda wapi?" Wenye nauli huenda Dar es Salaam kuiona bahari. Wengine hupelekwa kijijini kwa bibi. Baba mmoja, mkazi wa Nkuhungu, aliwajibu wanawe wawili kwa namna ambayo hawakuitegemea. Alisema watakwenda Mtera, tena kwa baiskeli.

Kwa mtu wa Dodoma, Mtera ndiyo pwani iliyo karibu. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na mwaka 1988 likapata kituo chake lenyewe cha megawati 80. Likijaa, maji yake hutanda kwa zaidi ya kilometa 50. Miti iliyozama wakati bonde lilipofurika bado imesimama majini, mikavu na myeupe, na ndege hutua juu yake kwa makundi. Mtoto aliyezoea vumbi la Dodoma akifika hapo kwa mara ya kwanza, hukaa kimya kidogo.

Barabara ya kwenda huko ni ya lami. Kutoka Dodoma hadi Iringa ni kilometa 260, na Mtera iko karibu na katikati. Ni sehemu ya ile njia kuu ya zamani inayounganisha Cairo na Cape Town. Waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaifahamu. Msafara wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003, huvuka bara zima kutoka Cairo hadi Cape Town, takriban kilometa 12,000, na umewahi kupita katikati ya Tanzania. Baba huyo alikuwa amewaona wageni hao zamani, wamejaa vumbi, mizigo imefungwa kwenye karia. Tangu siku hiyo alikuwa na hamu yake moyoni.

Hakukurupuka. Kwa miezi mitatu, kila Jumapili, aliwatoa watoto kwenda Msalato na kurudi, kisha Ihumwa na kurudi, kisha Hombolo kwa shangazi yao. Kijana wa miaka 16 aliona kazi nyepesi. Binti wa miaka 13, aliye kidato cha kwanza, alikuwa akibaki nyuma kidogo, lakini hakuwahi kulalamika. Baba alilichukua hilo kama dalili njema.

Matayarisho ya safari yalikuwa ya mtu makini. Fundi alikagua breki, akabadilisha mnyororo wa baiskeli ya binti na kukaza spoku. Baba alinunua tyubu za akiba, viraka, solisheni na pampu, kwa sababu miiba ya migunga pembezoni mwa barabara haina huruma na tairi. Kila mmoja alipata kofia ngumu, reflekta na chupa mbili za maji. Mama, aliyebaki nyumbani na mtoto mchanga, aliwafungia chapati, mayai ya kuchemsha, karanga na viazi vitamu. Mpango ulikuwa kulala Mtera na kurudi kesho yake kwa basi.

Saa 12:30 asubuhi, mwanga ukianza kupata nguvu, walikuwa barabarani. Baba alitangulia, kijana akafuata, binti akawa wa mwisho. Kabla ya kukanyaga pedali baba alitoa amri moja: "Leo hatusimami hovyo. Nataka tule kilometa nyingi kabla ya jua kali."

Ilikuwa kauli ya kawaida, ya mtu anayewaza jua. Hakujua kwamba ndiyo ingewagharimu.

Asubuhi ya Juni kwenye uwanda wa kati ina baridi inayouma vidole. Walipita Matumbulu, wakapita mashamba ya zabibu ya Mpunguzi, watoto wa pembeni wakiwapungia mikono na kupiga kelele "Mbukwenyi!" Kijana aliwajibu kila mara, akijifanya Mgogo wa miaka mingi. Mibuyu isiyo na majani ilisimama mmoja mmoja kama wazee kwenye kikao. Malori ya masafa marefu yaliwapita kwa upepo wa kusukuma, na kila lilipotokea moja kwa mbali, baba alipaza sauti: "Kushoto! Mstari mmoja!"

Mara tatu kijana aliegesha baiskeli, akazama nyuma ya mbuyu na kurudi akikimbia. Hakuna aliyesema neno. Mara zote tatu binti alitumia nafasi hiyo kunyoosha miguu, akiinua chupa yake mdomoni. Baba alimwona akiinua chupa, akaridhika.

Mlowa Barabarani walikunywa chai. Binti aliuliza kama pana choo. Akaonyeshwa kimoja nyuma ya kilabu, na mbele yake palikuwa na wanaume watano wamekaa kwenye benchi. Aliwatazama, akarudi kukaa. "Nimeghairi," alisema. Baba alikuwa akihesabu chenji.

Walipofika Fufu, karibu saa 6 mchana, walikuwa wamekwenda kilometa 70 hivi. Mbele yao barabara ilikuwa inaanza kushuka vilima kuelekea bonde la Mtera, lililo chini ya jiji la Dodoma kwa mita zipatazo 400. Kila mwendesha baiskeli husubiri mteremko wa namna hiyo. Lakini binti aliteremka kwenye baiskeli, akaiacha ianguke, akakaa chini ya mti akiwa ameshika kichwa. Midomo ilikuwa imekauka. Alisema anasikia kichefuchefu.

Baba alifikiri ni jua, kisha akafikiri ni uvivu, kisha akaogopa. Akampigia mkewe simu.

"Mama watoto, binti yako kichwa kinamuuma, na anasema anataka kutapika."

"Amekunywa maji?"

"Anakunywa, nimemwona kwa macho yangu."

"Tangu asubuhi amekwenda haja ndogo mara ngapi?"

Baba akanyamaza. Alijua upepo wa kila tairi, alijua bei ya chai ya Mlowa, alijua kilometa zilizobaki. Hilo aliloulizwa hakulijua.

Alikwenda kwenye baiskeli ya binti yake na kuzichukua chupa mbili. Moja ilikuwa imepungua vidole viwili. Nyingine ilikuwa imejaa hadi kwenye kizibo, kama mama alivyoijaza jikoni alfajiri. Kwa saa tano na nusu mtoto alikuwa akigusisha chupa midomoni na kuirudisha.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na maandazi hapo kando aliona jinsi baba alivyosimama na ile chupa mkononi. Akafuta mikono kwenye khanga. "Niachie mimi," alisema, akamwinua binti: "Twende ndani, mwanangu." Wakapotea nyuma ya nyumba kwa muda. Waliporudi, binti alikuwa amenawa uso, na yule mama alimweleza baba kwa sauti ya chini: "Mtoto alikuwa anaogopa kukuomba msimame. Akaona dawa ni kutokunywa."

Kwa nini mtoto huficha

Wazee husema mficha uchi hazai. Methali hiyo mara nyingi huwaelemea watoto: kwa nini hukusema? Lakini kila anayeficha ana anayemficha, na sababu ya kumficha. Binti huyu alikuwa na sababu tatu, na zote zilikuwa na akili.

Kwanza, aliambiwa asubuhi kwamba hatusimami hovyo. Kwa mtoto mtiifu, kuomba kusimama ni kuvunja amri. Pili, uwanda wa Dodoma wakati wa kiangazi hauna pa kujificha. Vichaka havina majani, na kila unapodhani uko peke yako, mchungaji hutokea na ng'ombe wake. Kaka yake mbuyu mmoja ulimtosha. Yeye usingemtosha. Tatu, hajawahi maishani mwake kumwambia baba yake neno "choo" akiwa njiani. Safari za Jumapili hazikumlazimisha, kwa kuwa Msalato na Ihumwa ni karibu, na Hombolo kulikuwa na nyumba ya shangazi.

Hili halihusu baiskeli peke yake. Wasichana wengi hufanya hivyo kwenye mabasi ya safari ndefu, na hata shuleni, pale ambapo vyoo havina mlango au viko mbele ya macho ya watu. Hupunguza maji ili wasipate haja. Mwili huulipia uamuzi huo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kinywa kukauka, kichefuchefu. Kubana mkojo kwa muda mrefu na kunywa maji kidogo huongeza pia uwezekano wa kupata UTI, ugonjwa ambao huwapata wasichana zaidi ya wavulana. Kwa anayefanya kazi ya miguu juani, kilichoanza kama aibu kinaweza kumwangusha barabarani, mbele ya lori.

Uamuzi wa Fufu

Binti alikunywa maji polepole, kikombe baada ya kikombe. Yule mama alimchanganyia maji ya chumvi na sukari, kipimo ambacho kila nyumba inapaswa kukijua: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Alilala kivulini karibu saa mbili. Alipoamka, alikwenda tena nyuma ya nyumba, rangi ikarudi usoni, akala nusu chapati.

Hapo ukaja mtihani wa baba. Zilibaki karibu kilometa 60, na za mwanzo ni mteremko. Binti mwenyewe alisimama na kuvaa kofia. "Baba, naweza. Twende." Kazini baba alikwishawatangazia wenzake. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp lilikuwa likisubiri picha ya watu watatu na baiskeli tatu mbele ya maji. Kijana naye alikuwa akimtazama, akitaka kuteremka ule mlima kuliko kitu chochote duniani.

Baba alisema: "Tunapanda gari."

Binti aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu safari."

"Aliyeharibu ni mimi," baba alimjibu. "Nilipanga pa kuziba pancha. Sikupanga pa wewe kujisaidia. Tena nilikuwa mbele, nikawa sikuoni."

Mtoto aliyekauka maji asubuhi huweza kuonekana mzima baada ya saa mbili za kivuli, lakini mwili wake haujarudi pale ulipoanzia. Kumrudisha juani mchana ule kwa sababu ya picha kungekuwa kumfundisha kwamba alifanya vyema kuficha, kwa maana hata ukisema, safari inaendelea vilevile. Baba alimwomba yule mama radhi na kumshukuru, akalipa chai, maandazi na zaidi. Basi la Iringa lilipofika, konda alilalamika kidogo kuhusu baiskeli tatu, kisha akazipandisha juu ya keria na kuzifunga kamba. Kijana alikaa dirishani. Chipogolo ilipita, mteremko aliouota ukapita chini ya magurudumu ya basi. Alinuna hadi maji yalipoonekana.

Kwa mzazi anayetaka kutoka na wanawe

Safari ya baiskeli na watoto ni jambo jema. Mtoto anajua nchi yake kwa miguu yake mwenyewe, na mzazi anapata saa nyingi za kuwa naye bila runinga. Lakini iko mipango ambayo fundi hawezi kuifanya kwa niaba yako.

Mpango wa kwanza ni urefu. Kilometa 130 kwa siku moja ni nyingi kwa mtoto wa miaka 13, hata kama amefanya mazoezi. Pima safari kwa saa ambazo mtoto atakaa juu ya kiti, kisha panga kumaliza kabla ya jua la mchana. Kilichobaki kiachiwe gari au siku ya pili. Mtoto atakayefika akiwa na nguvu ataomba kurudia.

Panga vituo vya choo kama unavyopanga vya chakula. Zahanati, shule, nyumba za ibada, vituo vya mafuta na vibanda vya mama lishe vyote ni mahali pa kuuliza kwa heshima. Beba karatasi za chooni, sabuni, taulo za kike hata kama binti hajaanza hedhi, na khanga mbili. Khanga mbili zilizoshikwa na watu wawili waliogeuza migongo ni choo kamili katikati ya mbuga.

Weka ratiba ya kusimama. Kila baada ya dakika 40 au 50 wote wanasimama, wote wanakunywa, na anayetaka kwenda pembeni anakwenda. Kusimama kukiwa sheria, hakuna anayelazimika kuomba. Hapo ndipo mtoto mwenye haya anapopona.

Mtu mzima akiwa mmoja, akae nyuma ya watoto. Wakiwa wawili, mmoja awe mbele na mwingine nyuma. Aliye mbele huiona barabara, lakini watoto hawaoni. Anayekwenda taratibu kuliko wote ndiye apange mwendo.

Tazama chupa, usitazame mdomo. Mwishoni mwa kila saa, chupa iwe imepungua. Muulize mtoto bila kuona haya: umekwenda haja? Rangi ikoje? Mkojo wa rangi hafifu ni salama. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, simameni kivulini na mnywe. Mtoto akiwa na kizunguzungu, akichanganyikiwa au akitapika kila anachokunywa, hiyo si safari tena. Tafuta zahanati mara moja.

Na maneno haya yaanze nyumbani. Baba ambaye hajawahi kutamka neno hedhi wala choo mbele ya binti yake asitegemee binti ataanza kuyatamka kando ya barabara kuu, kaka yake akisikiliza. Si lazima yawe mazungumzo marefu. Inatosha kusema kabla ya kutoka: "Ukitaka kusimama, inua mkono. Sitauliza kwa nini."

Kaka naye afundishwe. Wengine wakisimama, kazi yake ni kugeuka upande wa pili na kunyamaza.

Saa 10 jioni, Mtera

Walifika Mtera mchana, wakapata nyumba ya wageni, wakala perege wa kukaanga kwa ugali. Kijana alitaka kuingia majini. Mwenye mgahawa alimkataza mapema: bwawa hilo lina mamba na viboko, na wavuvi wenyewe huingia kwa tahadhari. Wakakaa wakitazama kwa mbali mitumbwi ikirudi kati ya ile miti mikavu.

Saa 10 jioni, jua likiwa limelegea, baba aliwauliza kama wanataka kuendesha kidogo kuelekea kwenye ukuta wa bwawa kabla ya giza. Kijana alikuwa amekwishaishika baiskeli. Binti alijaza chupa zake zote mbili.

Safari hii yeye ndiye alitangulia. Kaka yake alifuata, baba akawa wa mwisho. Upande mmoja maji yalimetameta, upande wa pili mbuzi walikuwa wakirudi nyumbani. Mwendo wa binti ulikuwa wa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi baba aliweza kuwaona watoto wake wote wawili kwa pamoja.

Hawakuwa wamemaliza kilometa tatu alipoinua mkono wa kushoto juu. Baba alifunga breki. Kijana alifunga breki. Binti alichukua khanga kwenye karia na kushuka pembeni ya barabara. Baba na mwanawe waligeuza baiskeli zao, wakasimama wakitazama maji.